Sufuria, Mchele na Sahani ya Kaka Kibwana

Tangu nirudi Makambako, kila anayeingia karakana ananiuliza swali lile lile: mlikula pamoja? Nimewajibu kwa kifupi mara nyingi mno, na kila mmoja ameondoka na habari tofauti na ya mwenzake. Naona ni afadhali niandike mara moja, hatua kwa hatua, kisha karatasi ibaki juu ya benchi, asomaye asome. Habari za tiketi na nauli naziacha. Hazina mafunzo.

Kwa wasiojua, mama yetu amepita miaka themanini. Anaishi mlimani juu ya Matombo, upande wa mashariki wa Uluguru, kwenye ardhi ya ukoo wake, maana kwetu Waluguru ardhi hufuata mama. Alizaa wana wawili tu, kaka Kibwana na mimi. Hakupata binti, kwa hiyo sisi ndio tuliolelewa jikoni. Mimi nilipewa kuni na maji, na nilikuwa nikihesabu mizigo. Kaka alipewa kuonja. Mama alimdondoshea mchuzi kiganjani, yeye akaramba na kusema "bado" au "hapo," na neno lake ndilo lililokuwa la mwisho.

Sasa kaka ana miaka sitini, analima ufuta Kisaki. Yeye na jamaa zake wa msikitini husherehekea Idi kwa mwezi ulioonekana popote duniani. Mimi na mama hungoja mwezi utangazwe nchini. Mara nyingi siku hizo hupishana, Idi yake ikatangulia kwa siku moja. Hilo peke yake lisingekuwa tatizo, lakini kaka, siku ya pili tu baada ya Idi yake, huanza ile funga ya hiari ya siku sita. Matokeo yake ni haya: siku anayokula yeye, sisi tumefunga, na siku tunayokula sisi, yeye amefunga. Miaka ambayo miezi ililingana, mara mto ulifunga njia, mara kazi ikanizuia mimi. Kwa miaka sita, kaka amekuwa akipanda mlima kuja kukaa pembeni ya sinia letu bila kugusa kitu, na mama amekuwa akimwekea sahani yake chini ya kawa mpaka jua lizame. Wali wa mchana ukiliwa magharibi huwa umeshapoa na kushikana.

Ramadhani ya safari hii, ilipoingia kumi la mwisho, mama alinipigia simu.

"Mwaka huu sitaki kufunika sahani," akasema. "Kama mnakuja, njooni mle wote. Kama kuna anayekuja kutazama wenzake wakila, abaki huko huko."

Nikamwambia asiwe na shaka. Mnajua kwamba elimu yangu ya anga nimeipata kwenye vitabu chakavu vya mitumba, na kwamba huwa sisemi jambo kabla ya kulipima. Nilikaa jioni mbili na daftari. Hesabu zilionyesha kuwa jioni ya tarehe ishirini na tisa mwezi mwandamo ungekuwa juu vya kutosha, unaonekana kwa macho, huku kwetu na kwingineko. Kwa kuwa wote tulianza kufunga siku moja, Idi ingekuwa moja. Nikampigia mama na kumpa neno langu. Mpango ulikuwa mwepesi: nipande treni hadi Kisaki, nimchukue kaka, tupite njia ya Mvuha, tufike Matombo mapema siku ya Idi na pilau ipikwe.

Makambako hadi Mlimba

Mizigo yangu ilikuwa miwili. Wa kwanza ni mchele wa Usangu, kilo ishirini, ambao niliukoboa mwenyewe kwa mashine niliyoitengeneza mwenyewe. Wa pili ni sufuria jipya lenye mfuniko, kubwa kiasi cha kupikia shughuli, kwa sababu la mama lilikuwa limetoboka kitako. Nilikuwa nimelifunga kwa kanga ili lisichubuke.

Nilipoingia behewani, mama mmoja mwenye kikapu cha karanga aliangalia sufuria, akaangalia gunia, akasimama na kunipisha.

"Pole sana na msiba, baba."

"Ahsante mama, lakini si msiba. Nakwenda kula Idi nyumbani."

"Idi?" Akamgeukia jirani yake, mwalimu wa sekondari aliyekuwa akirudi Ifakara. "Mwalimu, umeshaona mwanamume anabeba sufuria kwenda kwenye sherehe?"

"Sijaona," mwalimu akasema. "Lakini huenda anaona uchungu kusema. Muache."

Nilieleza habari ya sufuria lililotoboka. Mama huyo, ambaye baadaye nilimjua kwa jina la Mama Tumaini, alitikisa kichwa kwa huruma. Kutoka hapo hakuna aliyezungumza kwa sauti karibu yangu.

Njia ya kushuka Mlimba ina mahandaki mengi na madaraja marefu. Kila mara nikipita hujaribu kuyahesabu mahandaki, na kila mara kuna mtu hunisemesha katikati. Safari hii alikuwa mwalimu, aliyenikaribisha chapati. Nikamwambia nimefunga. Akasema msafiri ana ruhusa ya kula, hilo alifundishwa na wanafunzi wake. Ni kweli, lakini kukaa kitini nikitazama dirishani hakukunichosha kuliko kukaa karakana, kwa hiyo niliendelea.

Kupita Mlimba tukasimama. Mvua ya usiku uliotangulia ilikuwa imeangusha mti mkubwa juu ya reli, na ilibidi watu walio na misumeno watafutwe. Tulikaa hapo mpaka jua likazama. Mama Tumaini alikuwa na ndizi za kuchemsha kwenye chombo cha plastiki. Ilipofika magharibi aliniwekea tatu mkononi, na karanga juu yake.

"Kula," akasema. "Hata wafiwa hula."

Nilikula. Zilikuwa ndizi nzuri, laini, zilizopikwa kwa chumvi ya kiasi. Nilikuwa nimeshaacha kubisha.

Mlimba hadi Kisaki

Tulitarajiwa Kisaki asubuhi, tukafika saa tisa alasiri. Kabla ya hapo reli hupita kwenye pori la wanyama. Abiria wa madirishani waliita kila walipoona twiga, na wenye usingizi waliamka na kulala tena. Hewa ilikuwa ya joto zito, tofauti kabisa na baridi ya Makambako, na mawingu yalikuwa yanajengeka upande wa magharibi. Niliyaona. Niliyaandika hata kwenye daftari. Sikuyapa uzito.

Kaka alikuwa amesimama kituoni na kofia yake ya kufuma.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Akaangalia sufuria lililofungwa kanga. "Nani amekufa?"

"Hata wewe?"

"Mtu akishuka kwenye treni na sufuria na gunia, ninauliza nini kingine?"

Saa kumi na mbili jioni tulikwenda uwanda ulio karibu na reli, mahali ambapo magharibi ni peupe. Walikuwepo wanaume wengine wa mtaa, wa mwezi wake na wa mwezi wangu. Niliwaonyesha mahali: kushoto kidogo ya pale jua linapozama, juu kwa upana wa viganja viwili ukinyoosha mkono. Nilikuwa na saa na nilikuwa na uhakika. Kilichokuwepo mahali pale lilikuwa wingu moja la kijivu, pana kuanzia pori hadi milimani. Tulisimama mpaka giza likaingia.

"Fundi," kaka akasema, "mwezi wako uko wapi?"

"Upo. Umefunikwa tu."

"Kama sahani yangu."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, ingawa nilishaanza kuona jinsi mambo yatakavyokwenda.

Baada ya swala ya isha simu ya kaka ilileta habari kwamba mwezi umeonekana nchi nyingine. Redioni wakatangaza kuwa mwezi haukuonekana nchini, na sisi tukatakiwa kukamilisha thelathini. Hesabu zangu hazikuwa na kosa. Hazikuwa na mawingu, basi.

Nikampigia mama kumweleza. Nilianza na umri wa mwezi na urefu wake juu ya upeo.

"Sikukuuliza hesabu," akasema. "Mnakuja?"

"Tunakuja, mama. Ila kesho kutwa, wakati sisi tunakula, kaka..."

"Mchele unao?"

"Ninao."

"Basi njooni. Sipiki mpaka mchele ufike."

Kisaki hadi Mvuha

Asubuhi kaka alivaa kanzu, akaenda kuswali Idi yake na wenzake. Majirani wakamletea tambi na maandazi, na kwa heshima yangu alikulia nyuma ya nyumba. Nilimwambia "Idi njema," akanijibu "funga njema." Kisha tukapanda lori lililokuwa limeleta saruji na sasa linarudi Matombo tupu. Tulikaa juu ya turubai, sufuria katikati yetu.

Kabla ya Mvuha kuna mto ambao kiangazi unavukwa kwa miguu bila kukunja suruali. Siku hiyo ulikuwa umejaa hadi kwenye nyasi za kingo, maji mekundu, na magogo yakipita. Dereva alizima injini saa tano asubuhi, akachomeka kijiti kwenye tope ukingoni, akaenda kulala chini ya lori. Nilikiangalia kijiti hicho kila nusu saa. Kwa saa tatu za kwanza maji yalizidi kupanda.

Penye mkusanyiko wa namna hiyo haikosi mpishi. Mama mmoja wa Kikutu alikuwa ameinjika kikaango cha perege wa mto huo huo, na alipojua sisi ni Waluguru, watani zake, hakutuacha tena.

"Waluguru leo wameshuka mpaka huku," akasema. "Mmefukuzwa na baridi au na wake zenu?"

"Tunapanda, hatushuki," kaka akamjibu. "Tupe samaki."

Akampa kaka perege wawili na ugali. Akaniletea na mimi. Nikamshukuru na kumwambia nimefunga.

Akatuangalia mmoja mmoja. "Mwenzio anakula, wewe umefunga. Mna mama mmoja ninyi?"

"Mmoja."

"Na mwezi?"

"Miwili," kaka akasema, mdomo umejaa.

Mama yule akaweka mwiko chini ili acheke vizuri. "Mnaishi juu huko, karibu na mwezi kuliko sisi sote, na bado hamjakubaliana nao." Kisha akaona sufuria kwenye turubai, uso wake ukabadilika. "Lo, poleni. Sikujua mna msiba."

Nilifungua mdomo kueleza. Kaka akanitangulia. "Tumeshapoa, mama," akasema, na kuendelea kula. Baadaye aliniambia kuwa kueleza kunachukua muda mrefu kuliko kukubali.

Tulipobaki wawili, niliona huu ndio wakati wa kuzungumza. Nilikuwa nimejiandaa. Nilimwambia kwamba funga ya sita ni ya hiari, kwamba inaweza kufungwa siku yoyote ya mwezi wa Shawali, si lazima kuanzia siku ya pili, na kwamba mwenye funga ya hiari akikaribishwa chakula anaweza kula na kufunga siku nyingine. Nilikuwa na hoja nne. Nilifika ya tatu.

"Najua," kaka akasema.

"Unajua?"

"Yote hayo najua. Unadhani nimekaa msikitini miaka yote hiyo nahesabu mikeka?"

Akanawa mikono kwenye kopo la maji. Kisha akanieleza, bila kuinua sauti, jambo ambalo sikuwahi kulijua. Marehemu mkewe, shemeji yangu Mwanahawa, ndiye aliyekuwa na desturi ya kuanza sita siku ya pili. Alikuwa akisema kuwa mwili bado haujasahau njaa, ni vyema kuimaliza kazi. Kaka wakati ule hakuwa akifunga, alikuwa akimtania. Mwanahawa alifariki miaka saba iliyopita, mwanzoni mwa Shawali, akiwa amefunga siku nne.

"Mwaka uliofuata nikaanza mimi," akasema. "Siku ile ile ya pili, kama yeye. Ndiyo maana."

Hoja ya nne niliiacha. Kwa miaka sita nilikuwa nikiuchunguza mwezi, na kilichomzuia kaka kula hakikuwa mwezini.

"Mama anajua?" nikamuuliza.

"Sijamwambia. Angeanza kuniombea, ningeshindwa hata kupika chai kwa machozi yake."

Saa kumi na moja kijiti kilikuwa kimebaki kikavu, hatua kadhaa juu ya maji. Dereva akaamka mwenyewe kama aliyeitwa, akavuka mbele kwa miguu kupima, maji yakamfika magotini. Tukavuka.

Mvuha hadi Matombo

Hatua hii ni fupi. Magharibi ilitukuta njiani, nikafuturu juu ya lori kwa perege wa yule mtani, ambaye alikuwa amewafunga kwenye jani la mgomba na kunitupia lori lilipoanza kuondoka, akisema aliyekufa asingependa nilale njaa. Dereva alituachia Matombo kwa binamu yetu, tukala kidogo na kulala.

Alfajiri nilipoamka, nilikuta kikombe na sahani vimeoshwa na kuinamishwa mlangoni. Kaka alikuwa ameshakula daku. Kwa hiyo nilijua bila kuuliza: ameanza sita.

Matombo hadi kwa mama

Niliswali Idi Matombo, kaka akinisubiri nje na mizigo, kisha tukaanza kupanda saa mbili na nusu. Kaka alibeba mchele begani, mimi sufuria kichwani. Kwa kijana ni mwendo wa saa mbili. Sisi tulitumia tatu na robo, pamoja na mapumziko matano.

Njia yenyewe ni nzuri na sitaificha furaha yangu. Udongo ulikuwa umelowa, migomba inang'aa, na mipilipili manga imepanda juu ya michungwa. Mahali fulani mtu alikuwa amebandua mdalasini na kuuanika, harufu ikatufuata hadi kwenye kona ya pili. Maji yalikuwa yakishuka kila upande. Kila tuliyekutana naye alitupa pole, na kaka alijibu kila mmoja, "Tumeshapoa." Mzee mmoja aliyekuwa akishuka na mkungu wa ndizi aliuliza tunakwenda nyumba ipi. Kaka akamtajia jina la mama. Mzee akashusha mkungu wake, akageuka, akaanza kupanda kwa njia ya mkato, haraka kuliko nilivyotarajia kwa umri wake.

"Kaka, yule anakwenda kutangaza."

"Atangaze nini?"

"Fikiri."

Alifikiri hatua kama kumi. Kisha akaongeza mwendo.

Penye chemchemi iliyo chini ya nyumba tulimkuta Zuhura akiteka maji. Zuhura ni binti wa marehemu mama mdogo, dada yetu, ndiye anayeishi na mama na kumtunza. Alitusalimu, akatua ndoo, akatuambia jambo alilosema hakutaka kulisema kwenye simu.

"Mama hasikii chumvi tena. Tangu ile homa ya mwaka jana, ulimi wake umelala. Chumvi, sukari, ndimu, kwake vyote ni maji. Siku zote namwonjea mimi. Lakini leo amenikataza. Amesema mwonjaji wake yuko njiani."

Kaka alishusha gunia, akalipandisha tena, bila sababu ninayoijua. Zuhura hakujua kuwa kaka ameshaanza sita. Haikuwa yangu kusema.

Tulipofika, uani palikuwa na wanawake wanne waliojifunga kanga viunoni, wenye kuni na ndizi vichwani, nyuso tayari kwa kilio. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati yao akimenya vitunguu saumu.

"Kaeni," alikuwa akiwaambia, "mtalia baadaye. Sasa hivi menyeni viazi." Akatuona. "Hawa hapa wauaji wangu."

Tulimwamkia, akatushika mikono yote minne kwa pamoja, akalipiga sufuria kwa kucha ili asikie unene wake. Aliridhika.

Kazi ilikwenda kwa utaratibu. Zuhura alichagua mchele kwenye ungo, akasema hauna mawe, nikamwambia najua. Jogoo wawili walikuwa wameshachinjwa na kuandaliwa. Kaka alitwanga viungo: mdalasini, karafuu, hiliki na pilipili manga, vyote vya shamba la mama, na bizari nyembamba iliyonunuliwa gulioni. Mama alikaanga vitunguu mpaka vikawa na rangi ya udongo wa pale, akatia viungo, akatia nyama na viazi, akatia tui. Hata wale wanne wa msiba walikuwa wamevuta mikeka karibu.

Kwa wasiopika, nieleze jambo moja la ufundi. Chumvi ya pilau huonjwa kwenye mchuzi, kabla ya mchele kuingia. Mchele ukishaingia na kunywa mchuzi, kosa limeingia ndani na halitoki. Kwa hiyo kuna dakika moja tu ya kuonja, na dakika hiyo ilifika.

Nilitoa karatasi yangu. Nilikuwa nimeandika vipimo vya chumvi kwa kila kilo ya mchele, kutokana na mapishi yangu mwenyewe ya Makambako.

"Mama, kwa kiasi hiki ni vijiko vitano."

"Karatasi yako imeonja?"

"Mimi naweza kuonja."

"Wewe?" Wanawake wakaanza kucheka kabla hajamaliza. "Huyu nilimpa uji niliosahau kutia sukari, mwezi mzima, akasema mtamu. Kibwana, njoo."

Kaka alisogea, akachuchumaa mbele ya moto, akanyoosha kiganja chake kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa watoto. Mama akachota kwa upawa, akapuliza, akadondosha. Matone mawili yalianguka majivuni.

Mpishi aliyefunga anaruhusiwa kugusisha ulimi na kutema. Kaka analijua hilo vizuri kuliko mimi. Nafasi ya kutema ilikuwepo, upande wake wa kushoto, kwenye majivu, na hakuna ambaye angemwona ila mimi. Aliramba kiganja, macho yake yakiwa kwenye mchuzi. Mama alikuwa amemwinamia, upawa hewani, akimsubiri. Nilikuwa nikiliangalia koo la kaka kama nilivyokiangalia kile kijiti cha mtoni.

Alimeza.

"Bado," akasema.

Mama akatia chumvi kwa vidole, mara moja, mara ya pili. Akadondosha tena. Safari hii kaka hakungoja.

"Bado kidogo. Na ndimu nusu."

Mara ya tatu akachukua upawa mwenyewe, akanywa kama mtu anayekunywa supu.

"Hapo," akasema.

Mama akamimina mchele.

Pilau ilipaliwa makaa juu ya mfuniko mpya, ambao ulikaa sawasawa. Ilipoiva tulipakua kwenye masinia matatu: moja la wanawake wa msiba na majirani waliozidi kuja, moja la watoto, na moja dogo la mama na wanawe. Zuhura, kwa mazoea ya miaka sita, alitoka ndani na sahani tupu na lile kawa la ukindu.

"Hilo la nini?" mama akamuuliza.

"La kaka Kibwana."

"Kaka Kibwana huyu hapa, amekaa. Rudisha."

Kaka alikuwa ameketi upande wa kulia wa mama, mkono umeshanawa. Alikula vizuri, polepole, akaongezewa mara mbili. Mama hakusikia ladha ya kitu chochote. Alikuwa akitafuna na kumwangalia. Mara moja alimsogezea paja la jogoo, na mara moja alinisogezea mimi shingo, kama zamani.

Sikuuliza kama mama alijua kuwa kaka alikuwa ameanza sita. Nimelifikiria jambo hilo njia nzima ya kurudi na sina ushahidi wa kutosha upande wowote.

Alasiri, tukiosha sufuria kwenye chemchemi, kaka alisugua kitako kwa majivu muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nitaanza kesho," akasema. "Mwanahawa hakuwa mtu wa kununa."

"Hakuwa," nikasema. Nilimkumbuka akituchekea sote wawili.

"Usiku huu nitamweleza mama kwa nini. Akilia, wewe ndiye utakayepika chai."

Nilipika chai. Sukari alionja Zuhura.

Siku ya tatu, nilipokuwa nafunga begi kuteremka, niliona lile kawa kwenye msumari wake jikoni. Zuhura alikuwa amelipindua juu chini na kulitia uzi wa kuning'inizia. Lilikuwa limejaa vitunguu.